Mvua inanyesha juu, tope linakukuta chini: mwongozo wa kupita na kuishi chini ya milima ya kanda ya kati

Wadau, msimu ndo huo unakuja. Sisi wa Dodoma na Singida mvua zetu ni za mkupuo mmoja, Novemba mpaka Aprili, wenzetu wa upande wa Hanang wana vuli na masika, ila ikifika Desemba wote tunakuwa tumeloa, na Desemba hiyohiyo ndo ya sikukuu na likizo kwa hiyo watu wanasafiri sana. Kuna vijana wa hapa mjini wanachangishana wanakodi kosta wanaenda kupanda Mlima Hanang, kuna wanaoenda Kondoa kuangalia michoro ya miambani kule Kolo, kuna wenye wazazi wao chini ya milima ya Kiboriani kule Mpwapwa wanarudi nyumbani kula Krismasi. Wote hao watakuwa chini ya mteremko kipindi ambacho mteremko umelowa. Naandika kwa ajili yao, na nitaandika kwa kirefu kidogo, maana hiki kitu kinaua na wengi wanakichukulia kuwa ni kudra tu wakati dalili zake zinaonekana na kuna mambo ya kufanya mapema.

Kama una haraka shika hili kwanza: usiangalie wingu lililo juu ya kichwa chako, angalia lililo juu ya mlima. Unaweza ukawa umekaa sokoni jua linawaka na huku kilomita kadhaa juu yako mvua imepiga usiku kucha, na kinachoshuka kitakukuta hapohapo ulipo.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini

Tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili asubuhi, tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaingia mji wa Katesh ulio chini yake na vijiji vya jirani kama Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Siku zile kulikuwa na maneno mengi mitaani kwamba mlima umelipuka, kwa sababu Hanang ni volkano ya zamani iliyolala, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Haikuwa volkano, wala haikuwa tetemeko. Serikali ilieleza baada ya wataalamu kwenda kuangalia kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhoofu ilinyonya maji mengi, ikamegeka, ikageuka tope na likafuata njia ya mto kushuka. Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, ule ndo mwaka wa El Niño.

Inakuwaje mpaka mlima umegeke? Udongo wa mteremko unashikiliwa na msuguano, chembe kwa chembe, jiwe kwa jiwe, pamoja na mizizi. Mvua ikinyesha siku kadhaa maji yanajaa kwenye vile vinafasi vya katikati ya chembe, na yakishajaa yanaanza kusukuma, chembe zinaachiana, kile kilichokuwa udongo mgumu unaoweza kuukanyaga kinakuwa uji mzito. Kinateleza, kinaingia korongoni, na huko njiani kinakusanya kila kitu, mawe, magogo, udongo wa kingo, mabati ya watu. Ukitaka kulifikiria sahihi usifikirie mafuriko, fikiria zege bichi linalomwagwa kutoka mlimani. Lita moja ya maji ni kilo moja, lita moja ya tope la namna hii inakaribia kilo mbili, ndo maana linabeba jiwe ukubwa wa gari na linang'oa nyumba ya tofali ambayo maji peke yake yangeizunguka tu. Na spidi yake kwenye mteremko mkali inaweza kupita kilomita 50 kwa saa, yaani hakuna binadamu anayelikimbia akiwa amelipa mgongo.

Hatua ya 1: jua korongo lako linaanzia wapi

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na inafanyika nyumbani ukiwa na bando la kutosha. Fungua ramani ya satelaiti kwenye simu, tafuta pale unapoenda kulala au kupita, halafu fuata korongo au mto kwa kidole kurudi juu mpaka mwisho wake mlimani. Jiulize maji yote ya upande ule wa mlima yanakusanyikia wapi. Mara nyingi utaona makorongo madogo madogo matano sita yanaungana yanakuwa moja, na hilo moja linatoka mlimani kupitia mdomo mwembamba. Huo mdomo ndo mahali pa kuogopa, na eneo lililo mbele yake.

Mbele ya mdomo ardhi inalala ghafla na udongo unatanuka kuelekea tambarare. Huo udongo haukuwekwa pale na mtu, uliletwa na matope yaliyowahi kushuka huko nyuma, moja baada ya jingine kwa miaka mingi. Na bahati mbaya ndo panapopendwa zaidi, udongo una rutuba, kisima hakichimbwi kirefu, barabara imepita karibu, kiwanja kinauzwa bei nzuri. Ukiwa unanunua kiwanja chini ya mlima wowote, usitosheke na kuambiwa "hapa maji hayafiki", uliza mara ya mwisho mto ulihama lini, maana makorongo ya kwenye udongo wa namna hii yanahama, leo linapita kushoto kwa shule mwaka kesho kulia.

Niliwahi kutembea na mzee mmoja wa Kirangi huko Kondoa kwenye korongo kavu kabisa, mchanga mweupe, mbuzi wanakatiza. Nilikuwa nimemuuliza kama pana historia ya tope.

"Shikamoo mzee, hapa maji yalishawahi kuja makubwa?"

"Marahaba mjukuu wangu. Usiniulize mimi, uliza ule mti."

Akanionyesha mgunga uliokuwa ukingoni. Upande unaotazama mlimani gamba lilikuwa limechubuka mpaka kwenye mti wenyewe, kidonda cha zamani kilichokwishaota midomo pembeni, kimo chake kinanipita kifuani. Kwenye panda ya matawi, juu zaidi ya hapo, kulikuwa na jiwe limebanwa, ukubwa wa kichwa cha mtoto, na chini yake bado kuna tope kavu la kijivu limeshikilia. Hakuna mtu aliyepanda kuliweka lile jiwe. Sasa hivyo ndo vitu vya kutafuta ukifika sehemu usiyoijua: miti iliyochubuka upande wa juu tu, mawe makubwa yenye pembe yaliyokaa peke yake katikati ya shamba ambako hamna mlima karibu, tuta refu la mawe pande zote mbili za korongo utadhani mtu kayapanga, na ukingo wa korongo ukiukata unaona tabaka la mawe na udongo vimechanganyika hovyo bila mpangilio, wakati maji ya kawaida huwa yanapanga, mchanga chini, udongo laini juu. Na waulize wazee.

Hatua ya 2: pima mteremko

Macho yanadanganya sana kwenye mteremko, ukiwa chini unauona mkali, ukiwa juu unauona wa kawaida. Kwa hiyo pima. Mengi ya matope haya yanaanzia kwenye mteremko wa nyuzi 25 kwenda juu, na kati ya 30 na 45 ndo hatari zaidi, maana ukizidi sana udongo wenyewe hauwezi kukaa pale, unakuta mwamba mtupu.

Simu nyingi zina programu ya pimamaji, ile ambayo mafundi wanaitumia siku hizi, simama pembeni ya mlima uuone kwa ubavu, nyanyua simu mbele ya jicho, linganisha ukingo wake na mstari wa mlima halafu soma namba. Kama huna hiyo, tafuta fimbo iliyonyooka ya mita 1 na futi ya fundi. Ncha moja ya fimbo iguse ardhi upande wa juu, ncha nyingine ielekee bondeni ikining'inia hewani, fimbo ikae mlalo kabisa (laza juu yake chupa ya maji iliyojaa nusu, maji yakikaa sawa basi imelala), halafu pima kutoka ile ncha inayoning'inia kwenda chini wima mpaka ardhini. Ukipata sentimita 47 huo ni mteremko wa nyuzi 25, sentimita 58 ni nyuzi 30, sentimita 70 ni 35, ikifika mita nzima ni 45. Andika hizo namba nne kwenye simu yako.

Ila tuelewane, kupima mteremko wa pale uliposimama haitoshi. Tope linaanzia pakali lakini haliishii pakali, likishaanza linaweza kuendelea kwenye ardhi iliyolala hata nyuzi 5 tu, kwa hiyo mtu wa tambarare anasema mimi mbona niko bondeni mbali na mlima, na kumbe yeye ndo yuko njiani. Unachopima ni kule juu korongo linakoanzia.

Angalia pia kama mteremko ulichomwa moto kiangazi. Mlima uliochomwa unapoteza nyasi za kushika tone la mvua, na juu ya udongo panabaki kama ngozi inayokataa maji, yanateleza yote kwa pamoja kwenda korongoni badala ya kunywewa. Mteremko mweusi wa moto wa Septemba usiuamini mvua za kwanza za Novemba na Desemba.

Hatua ya 3: soma utabiri na hesabu mvua za nyuma

TMA, yaani Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa taarifa ya hali mbaya ya hewa kwa siku 5 mbele, ina rangi, njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Watu wengi wanasubiri nyekundu. Mimi naona kwa mtu anayeenda mlimani njano inatosha kukufanya uahirishe kama siku za nyuma zimenyesha, kwa sababu utabiri unasema kitakachonyesha, hausemi udongo tayari umebeba kiasi gani. Mvua ya milimita 40 kwenye udongo mkavu wa Novemba inanywewa tu, hiyohiyo ikija siku ya tano mfululizo ndo inayomegua.

Kwa hiyo uwe na kipimo chako. Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, lile la maziwa ya unga linafaa, liweke mahali pa wazi mbali na paa na mti, kila asubuhi saa 1 chovya rula, soma milimita, mwaga, andika. Wenye ndugu Katesh au Mpwapwa wawaombe wafanye hivyo wawatumie namba kwa simu, hii ni kazi ambayo mtoto wa darasa la tano anaiweza na ataipenda. Kumbuka Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 550 hadi 600, sasa kopo likikuambia siku mbili zimeleta 100 hiyo ni sehemu ya sita ya mwaka imeshuka ndani ya saa 48. Hapo sihitaji mtaalamu wa kuniambia nisiende korongoni.

Kuna jambo la kujifunza kwa wenzetu wa milima ya theluji, kule Alps na Norway. Wao tatizo lao ni maporomoko ya theluji, na msimu wa baridi wanatolewa taarifa ya hatari yenye ngazi 1 mpaka 5, mtu makini haondoki nyumbani bila kuisoma. Nao wanaogopa mteremko uleule wa nyuzi 30 hadi 45. Ila kuna tofauti kubwa mbili za kuzingatia usije ukanakili kila kitu chao. Ya kwanza, kwao mara nyingi anayenaswa ndo aliyeliamsha poromoko, yeye au mwenzake, kwa uzito wa kukanyaga tabaka la theluji lililokaa juu ya tabaka dhaifu. Kwetu tope haliamshwi na miguu yako, linaamshwa na mvua, kwa hiyo swali la kwao ni "nakanyaga wapi" na la kwetu ni "nimekaa wapi na saa ngapi". Ya pili, wao hubeba vifaa vya kutafutana chini ya theluji, maana aliyefukiwa ana kama dakika 10 hadi 15 tu za matumaini mazuri. Chini ya tope na mawe hata hizo dakika huna, kwa hiyo nguvu yote iende kwenye kutokuwepo pale.

Na wanaotoka hapa kwenda Kilimanjaro nao wasidhani theluji ya juu ndo hatari pekee. Januari 2006 kwenye njia ya kupandia ya Western Breach ni mawe yaliyoporomoka yakaua Wamarekani 3, mawe ambayo barafu huwa imeyashika na jua likipanda yanaachiwa. Ndo maana sehemu kama zile zinavukwa alfajiri bado pameganda.

Hatua ya 4: siku yenyewe ya kupanda

Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo lipia kibali na chukua mwongozaji wa palepale, na usimchukue kwa ajili ya kubeba begi tu, muulize mwenyewe asubuhi ile "leo tunaenda au hatuendi" na jibu lake liheshimiwe hata kama kosta imelipiwa kwenda na kurudi. Hapa ndo vikundi vingi vinapokosea, hela imeshatoka, watu wamepiga picha za kuondoka, kiongozi anaona aibu kusema turudi. Kubalianeni mkiwa bado Dodoma kwamba mtu yeyote mmoja akisema turudi basi mnarudi wote bila mjadala, na mwenye kikundi aseme hivyo mbele ya kila mtu.

Anzeni usiku au alfajiri. Mvua nyingi za radi huku kwetu zinakuja mchana kuelekea jioni, ukianza saa 3 asubuhi saa ya mvua itakukuta katikati ya mlima na radi pia ni habari nyingine. Wekeni saa ya kugeuka, mfano saa 6 mchana, kileleni mmefika hamjafika mnageuka.

Tembeeni kwenye mgongo wa mlima, msitembee ndani ya korongo hata kama njia ya korongoni ina kivuli na ni fupi. Pakilazimu kuvuka korongo, simameni ukingoni kwanza mnyamaze, sikilizeni juu, halafu avuke mmoja mmoja haraka huku wengine wanaangalia juu. Kupumzika, kula, kupiga picha, kujisaidia, vyote hivyo vifanyike nje ya korongo. Na hema jamani, naona picha za watu wamepiga hema kwenye mchanga wa mto kwa sababu ni laini na pamesawazika, ule mchanga uliletwa na maji na maji yatakuja kuuangalia tena. Panda juu ya ukingo, mahali ambapo miti ni mikubwa, imenyooka na haina vidonda.

Kwa wale wa vilima vya mawe vya hapahapa Dodoma hatari ni tofauti kidogo, tope si tatizo sana bali lile jiwe kubwa lililokaa juu ya udongo. Mvua inakula udongo chini yake taratibu. Usikae upande wa chini wa jiwe ambalo udongo wake wa mbele umechimbika.

Hatua ya 5: dalili ambazo hazisubiri

Nitaanza na ile ambayo watu hawaijui. Mvua inanyesha, mto ulikuwa unakuja na maji, ghafla maji yanapungua au yanakauka kabisa. Watu wanashangilia wanaingia mtoni kuokota kuni au kuvuka. Kimbia! Maana yake kuna sehemu juu imemegeka ikaziba korongo, maji yanajaa nyuma yake yanakuwa ziwa la ghafla, na kizibo cha udongo hakidumu, kikipasuka kila kitu kinashuka kwa pamoja. Inaweza kuwa dakika, inaweza kuwa saa nzima, huwezi kujua.

Kinyume chake pia ni dalili, mto uliokuwa msafi ukageuka mzito wa kahawia ghafla, una majani mabichi na matawi yaliyovunjika saa hiyohiyo. Halafu harufu ya udongo mbichi, nzito kuliko ile ya mvua ya kwanza. Halafu mngurumo usiokatika, radi inapiga na kuisha lakini huu unaendelea na kuongezeka, na chini ya miguu unausikia. Miti kuvunjika juu, mawe kugongana.

Hizo ni za dakika za mwisho. Kuna za siku kadhaa kabla: nyufa mpya kwenye ardhi juu ya mteremko, hasa zilizojipinda mfano wa mwezi mchanga na upande wa chini umeshuka hata kwa vidole viwili, miti au nguzo za umeme zilizoanza kuinama, chemchemi mpya inayotoka mahali pasipo na maji zamani, mlango wa nyumba uliokuwa unafunga vizuri sasa unagoma, bomba la maji limekatika bila sababu. Ukiona ufa, choma vijiti viwili, kimoja kila upande, pima umbali kati yake, andika na tarehe, rudi kesho. Ukiongezeka hata sentimita moja nenda kwa mtendaji wa kijiji na hiyo karatasi yako mkononi, na kwa jirani zako wote wa chini kabla hata ya mtendaji.

Hatua ya 6: likishaanza

Ubavuni na juu. Usikimbie kufuata korongo kwenda chini, tope lina spidi kuliko wewe na linaenda hukohuko. Toka pembeni ya njia yake, panda ukingo, endelea kupanda. Mita 20 au 30 za kwenda pembeni na juu zina thamani kuliko kilomita ya kwenda chini. Acha mzigo, acha pikipiki kama haiko tayari inawaka na njia yake inatoka pembeni. Usivuke daraja wala kalavati kujaribu kuwahi upande wa pili, kalavati ndo linaloziba kwanza kwa magogo na tope linafurika juu yake.

Kama uko ndani ya nyumba na huna tena nafasi ya kutoka, nenda ghorofa ya juu kama ipo, la sivyo chumba kilicho upande usiotazama mlima, mbali na madirisha. Ukinaswa nje hakuna pa kwenda, jikunje, linda kichwa kwa mikono. Siahidi kwamba itakuokoa, lakini majeraha ya kichwa ndo ya kwanza.

Usiku ndo mbaya zaidi, watu wamelala, bati linapiga kelele za mvua, mngurumo hausikiki. Mvua kubwa ikiendelea usiku na nyumba yako iko mbele ya mdomo wa korongo, basi nyumba hiyo isilale yote, mmoja akeshe kwa zamu, na kama kuna bibi, mgonjwa au watoto wadogo wapelekwe kwa ndugu wa upande wa juu tangu jioni. Hapa ndo udugu unafanya kazi, mwambie mapema, "shangazi, mvua zikichanganya sisi tutakuja kulala kwako", asishangae kuwaona saa 4 usiku na magodoro. Kila nyumba iwe na filimbi imening'inia mlangoni na mtaa mzima ujue filimbi ndefu zisizokatika maana yake nini, simu zinaweza kukosa mtandao saa hiyohiyo.

Hatua ya 7: kwa mnaoishi pale siku zote

Hapa kuna ushahidi wa nyumbani kabisa. Kondoa, milima ya Irangi ilikuwa imeliwa vibaya na mmomonyoko, makorongo mekundu kila mahali. Mwaka 1973 ukaanza mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, wakachimba matuta, wakapanda miti, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika. Ilikuwa uamuzi mchungu kwa wafugaji na sitaki kuupamba, ng'ombe ni benki ya mtu. Lakini ukipita leo utaona mimea imerudi kwenye miteremko iliyokuwa mitupu, na makorongo mengi yametulia. Kwa hiyo mteremko unapona ukiachwa.

Cha kufanya ngazi ya familia, acha uoto wa asili kwenye kingo za korongo, usilime mpaka ukingoni, mfereji wako wa maji ya paa usiuelekeze kwenye mteremko uliokatwa nyuma ya nyumba, na usikate mlima kwa jembe kupata uwanja wa nyumba bila ukuta na mifereji ya kutoa maji nyuma yake. Miti inasaidia udongo wa juu, mita moja au mbili ambazo mizizi inafika, ila mmegeko wa kina kirefu kama wa Hanang miti haiwezi kuushika. Ndo maana hata penye msitu mzuri bado mahali pa kujenga panabaki kuwa jambo la kwanza.

Hatua ya 8: baada ya kushuka

Usirudi. Tope mara nyingi linakuja kwa mawimbi, la kwanza likipita la pili linaweza kufuata baada ya dakika chache au masaa, na watu wengi huumia wakiwa wameshuka kutafuta ndugu au kuokoa mali. Najua ni vigumu sana kumwambia mama asimtafute mwanae. Basi awepo mtu mmoja amesimama juu ukingoni mwenye filimbi, kazi yake ni kuangalia mlima tu, asishuke kwa sababu yoyote, na wanaochimba wajue akipuliza wanatoka.

Piga 114 Zimamoto na Uokoaji, au 112 polisi. Sema kijiji, kitongoji, barabara ipi bado inapitika na ipi imekatika, watu wangapi mnadhani hawaonekani na walikuwa nyumba zipi. Fanyeni orodha ya majina nyumba kwa nyumba mapema, mwenyekiti wa kitongoji anawajua watu wake, wageni wa sikukuu waulizwe pia maana hawamo kwenye daftari lolote.

Visima na mabomba yaliyopitiwa na tope yasitumike, vyoo vimefumuka na vyote vimechanganyika, chemsha maji au tumia dawa ya kutibu maji mpaka watu wa afya waseme. Nyaya za umeme zilizolala chini zisiguswe, wala tope linalozizunguka. Nguo na vyombo vilivyochimbuliwa vioshwe kwa maji safi na sabuni kabla watoto hawajavishika, na aliyejikata na bati au msumari ndani ya tope apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kwa sindano ya pepopunda.